UCHAMBUZI: Gari likichakaa kabla ya wakati wake, nani abebe gharama?

KIJITABU cha dhamana anachokabidhiwa mnunuzi wa gari jipya huwa na ahadi nzito katika kurasa za mwanzo, na kauli fupi ya kujiondoa katika kurasa za mwisho.

Ahadi hiyo, au 'waranti' kama inavyofahamika na wengi, aghalabu huwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Muuzaji hujifunga kwamba kifaa kitakachoharibika kwa sababu ya kasoro ya malighafi au ya utengenezaji kitarekebishwa bila malipo.

Kauli ya kujiondoa nayo husema kuwa dhamana haitahusu vifaa vinavyochakaa kutokana na matumizi ya kawaida. Hutajwa pedi za breki, klachi, tairi, balbu, waipa za kioo na vinginevyo vya jamii hiyo.

Kwa maandishi, mgawanyo huo ni wa haki. Hakuna mtengenezaji awezaye kuahidi kwamba tairi halitalika. Katika gereji, hata hivyo, neno 'kuchakaa' huweza kunyooshwa hadi likafunika hitilafu ambazo hazina uhusiano wowote na matumizi ya kawaida.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua pikapu mpya kwa mkopo wa benki. Kabla ya mwaka kutimia, klachi inaanza kuteleza. Anaipeleka kwa muuzaji, ambako mhudumu anashauriana na fundi kwa dakika chache kisha anamjulisha kwamba klachi 'imekwisha', kwamba klachi ni kifaa cha kuchakaa, na kwamba atalazimika kuigharamia mwenyewe.

Mtu kama huyo mara nyingi hulipa. Halipi kwa kuwa ameridhika na jibu alilopewa. Hulipa kwa sababu pikapu iliyokaa gereji majuma mawili kwa ajili ya ubishi haipeleki mboga sokoni, ilhali awamu ya mkopo haisubiri.

Hapo ndipo haki yake inapopotelea, kwani jibu la kwamba kifaa kimechakaa halimalizi mjadala. Linauanzisha. Suala linalopaswa kuamuliwa ni kwa nini kifaa kilichotarajiwa kudumu kwa makumi ya maelfu ya kilomita kimefika mwisho wake mapema kiasi hicho.

Kiswahili cha mafundi wenyewe huitambua tofauti hii vyema kuliko vijitabu vya dhamana. Fundi husema tairi 'limelika', klachi 'imekwisha', beringi 'imekufa'. Neno la kwanza ni la kitu kilichoguguniwa polepole na kazi yake. La mwisho ni la kitu kilichokatizwa uhai. Lakini ripoti inapofika mezani kwa anayeamua madai, maneno hayo yote huweza kuwa yamegeuka neno moja: uchakavu.

Ukweli ni kwamba chuma hakisemi uongo. Namna kifaa kilivyolika huonyesha kilicholika nacho.

Pedi za breki ni mfano mzuri. Katika gurudumu moja huwa na pedi mbili, ya ndani na ya nje, na katika mfumo ulio sawa hupungua kwa kiwango kinachokaribiana. Iwapo ya ndani imelika hadi chuma huku ya nje ikiwa bado nene, kuna uwezekano mkubwa kwamba kalipa, yaani kifaa kinachozibana, imekwama na haiachilii. Kalipa si kifaa cha kuchakaa. Pedi iliyoharibiwa nayo ni matokeo ya kasoro, si kasoro yenyewe.

Klachi vilevile husimulia kisa chake. Sahani yake ikipatikana imelowa mafuta, basi kuna mahali palipovuja, na mara nyingi ni kwenye mpira unaozuia mafuta ya injini yasipenye hadi kwenye klachi. Sahani iliyolowa huteleza, ikapata joto na kuisha upesi, hata dereva awe mwangalifu namna gani. Ikiwa sahani ni kavu lakini chuma kinachoshikana nayo kina madoa ya buluu, ni dalili ya joto kali. Hapo muuzaji atasema dereva alikuwa na mazoea ya kuegemeza mguu kwenye pedali, na huenda akawa anasema kweli. Lakini mfumo wa kuiachilia klachi ukikwama kwa hitilafu yake, alama zinazobaki ni zizo hizo.

Tairi lililolika katikati lilijazwa upepo kupita kiasi. Lililolika kingo zote mbili lilipungukiwa. Lililolika upande wa ndani pekee, tena kwa gari jipya, linaelekeza kidole kwenye ulinganifu wa magurudumu au saspensheni. Nao mnyororo wa injini, tofauti na mkanda wa mpira unaobadilishwa kwa ratiba, kwa kawaida haumo katika orodha ya vitu vya kubadilishwa wakati wa huduma. Ukirefuka kabla ya dhamana kuisha, ni vigumu kuelewa jinsi unavyoweza kuitwa kifaa cha kuchakaa.

Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika mizozo ya aina hii, kisu ni kifaa kilichong'olewa. Aliyekishika ndiye mwenye ushahidi, na ikiwa kimetupwa, limebaki neno la fundi wa muuzaji dhidi ya neno la mteja asiyejua kalipa inakaa wapi.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, iliyoanza kutekelezwa Machi 2013, ililiona hilo. Katika sehemu yake inayohusu ukarabati wa magari, humtaka fundi ajitolee kumrudishia mteja vipuri vilivyoondolewa. Aidha, sheria hiyo humpa mteja haki ya kukadiriwa gharama kabla ya kazi kuanza. Ni vifungu ambavyo havitajwi sana, pengine kwa sababu wengi wanaovihitaji huwa wameshasaini fomu ya kuruhusu kazi ianze.

Ili kuelewa jinsi neno la muuzaji linavyoweza kukosa msingi hata linapotolewa kwa uhakika, kesi iliyoamuliwa nchini Australia inafaa kutazamwa kwa makini.

Mnamo Aprili 2018, Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliiagiza kampuni ya Ford Australia ilipe faini ya dola milioni 10 za Australia kutokana na jinsi ilivyoshughulikia malalamishi ya wateja. Magari yaliyohusika yalikuwa Fiesta, Focus na EcoSport yaliyofungwa giaboksi ya aina ya PowerShift, ambayo hutumia klachi mbili.

Wateja walilalamika kwamba magari yalikuwa yakitetemeka na kupoteza nguvu yakiwa barabarani. Baadhi yao waliambiwa kwamba chanzo ni namna wanavyoendesha. Kampuni yenyewe ilikuwa ikifahamu kwamba giaboksi hizo zilikuwa na matatizo. Hatimaye ilikubali mbele ya mahakama kwamba mwenendo wake katika kushughulikia malalamishi hayo, kati ya Mei 2015 na Februari 2016, ulikuwa kinyume cha haki.

Fundisho la kesi hiyo halihusu kampuni moja wala nchi moja. Mteja mmoja mbele ya mhudumu hana namna ya kujua kama kuna wengine mia waliosimama pale pale na kuelezwa maneno yale yale. Muuzaji anajua. Kilichoigeuza kesi ya Australia ni kuwa Tume ya Ushindani na Watumiaji ya nchi hiyo iliyakusanya malalamishi yaliyokuwa yametawanyika na kuyafikisha mahakamani kama jambo moja.

Kenya ina chombo chenye mamlaka yanayokaribia hayo. Sheria ya Ushindani ya 2010 iliunda Mamlaka ya Ushindani na kuipa jukumu la kushughulikia maslahi ya watumiaji, ikiwemo kuchukua hatua dhidi ya anayempotosha mtumiaji kuhusu kuwepo, kuondolewa au athari ya dhamana. Kumwambia mteja kwamba dhamana haimlindi ilhali inamlinda ni jambo linaloweza kuangukia hapo. Malalamishi moja kwa mamlaka hiyo huenda yasirejeshe pesa za klachi. Malalamishi ishirini kuhusu aina moja ya gari ni habari nyingine kabisa.

Msingi wa kisheria wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilianza kutumika nchini mwaka 1931, ikiwa imefuata ile ya Uingereza ya 1893. Kifungu chake cha 16 huingiza katika mauzo ya mfanyabiashara sharti kwamba bidhaa iwe ya ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakuna aliyelitamka.

Udhaifu wa sheria hiyo ulikuwa kwamba iliwaruhusu wahusika kuliondoa sharti hilo kwa makubaliano. Muuzaji aliyekuwa na wakili mzuri na mnunuzi asiyesoma maandishi madogo alikuwa ametoka salama.

Sheria ya 2012 iliziba mwanya huo. Inamchukulia muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora unaofaa, na kubatilisha sharti lolote linalojaribu kuiondoa au kuibadilisha. Isitoshe, inaelekeza kwamba maneno ya mkataba yanayoweza kufasiriwa kwa njia zaidi ya moja yafasiriwe kwa manufaa ya mtumiaji. 'Uchakavu wa kawaida' ni maneno ya aina hiyo hasa, kwa kuwa ni nadra kijitabu kueleza kawaida ni kilomita ngapi.

Juu ya hizo kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake.

Kwa maneno mengine, kijitabu cha dhamana si ukuta wa mwisho. Ni ahadi ya ziada juu ya haki ambazo mnunuzi tayari anazo dhidi ya aliyemuuzia. Na ni dhidi ya muuzaji, si kiwanda kilichoko ng'ambo, kwa vile mkataba wa mauzo ulifungwa naye.

Upande wa wauzaji nao una hoja ambazo si za kupuuzwa. Yapo magari yanayobebeshwa mizigo maradufu ya uzito yaliyoundiwa, yapo yanayogeuzwa ya uchukuzi wa abiria kinyume na matumizi yaliyoandikwa, na yapo yanayorudishwa yakiwa hayajabadilishwa mafuta tangu yatoke dukani. Dhamana si bima ya uzembe, na gharama ya madai ya uongo hatimaye huingizwa katika bei ya gari linalofuata.

Kuna jambo jingine ambalo mteja haambiwi. Muuzaji anapofanya ukarabati wa dhamana, kwa kawaida hudai malipo kutoka kwa mtengenezaji, na mtengenezaji huweza kukagua na kukataa. Mhudumu anayekataa madai kaunta mara nyingi anajikinga na uwezekano wa kampuni yake kuachiwa gharama. Katika hali ya shaka, kukataa ni salama kwake. Kukubali kunaweza kumgharimu. Ndiyo maana mteja anayetaka ombi lake lipelekwe kwa mtengenezaji, na jibu litolewe kwa maandishi pamoja na sababu, hupata wakati mwingine jibu tofauti na lile la mdomo.

Wakati mwingine jibu hilo huja kama ihsani: muuzaji anajitolea kulipa nusu. Si vibaya kupokea nusu, mradi karatasi inayoambatana nayo isomwe. Ikisema kwamba mteja hana madai mengine yoyote kuhusu kifaa hicho, nusu hiyo ndiyo yote.

Hoja inayozua ubishi mkali zaidi nchini ni ya barabara. Muuzaji husema saspensheni na bushi zimemalizwa na barabara mbovu, na kwamba matumizi ya aina hiyo hayamo katika dhamana.

Hoja hii ingekuwa na uzito zaidi kama magari hayo yasingetangazwa kwa picha za kuvuka mito na kupanda milima. Anayeuza pikapu kwa mkulima wa Narok au Kitui akijua inakokwenda hawezi baadaye kujifanya kushangaa kwamba kuna vumbi na mashimo. Kifungu cha 16 kilichotajwa kinamlinda mnunuzi aliyemfahamisha muuzaji kusudi lake na kutegemea ujuzi wake, ingawa pia kina kizuizi: ulinzi huo wa kusudi maalumu hauhusu bidhaa mahususi iliyonunuliwa kwa jina lake la kibiashara. Hivyo, mnunuzi anayetaja jina la gari pekee na kulipa yuko katika nafasi dhaifu kuliko aliyeandika katika barua ya kuagiza kwamba anataka gari la kubebea maziwa katika barabara ya changarawe.

Hoja ya pili inayopendwa ni kwamba gari lilihudumiwa nje. Mwenye gari alibadilisha mafuta ya injini katika gereji ya mtaani, basi dhamana yote imebatilika.

Mataifa kadhaa yamelidhibiti jambo hili. Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 kwa jumla humzuia mtoa dhamana kuifunga na sharti la kutumia vipuri au huduma za jina fulani, isipokuwa azitoe bure. Nchini Afrika Kusini, miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza kutumika Julai 1, 2021 inampa mwenye gari uhuru wa kulihudumia katika gereji huru bila dhamana nzima kubatilika, ingawa hasara iliyosababishwa na kazi mbaya ya gereji hiyo haifidiwi na mtengenezaji.

Nchini Kenya, hoja hiyo hulazimika kujengwa juu ya vifungu vya jumla vya sheria zilizotajwa. Hata hivyo, mantiki yake ni ile ile. Anayekataa kubadilisha kalipa iliyokwama kwa sababu mafuta ya injini yalibadilishwa kwingine anapaswa kueleza mafuta ya injini yalifikaje kwenye breki. Mteja kwa upande wake atasaidiwa na stakabadhi: tarehe, kilomita zilizosomeka, aina ya mafuta. Fundi wa jua kali asiyeandika risiti anaweza kuwa stadi kuliko wa muuzaji, lakini ustadi wake hauwezi kuwasilishwa kama ushahidi.

Kwa muda mrefu, kizuizi kikubwa kilikuwa mahakama yenyewe. Nani angemlipa wakili kudai klachi? Hali hiyo ilibadilika kwa Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, ambayo mahakama yake ya kwanza ilizinduliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Mahakama hiyo husikiza madai ya hadi Sh1 milioni, ikiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa na kutoa huduma. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha, kanuni kali za ushahidi hazimfungi, na sheria inaelekeza kesi iamuliwe katika muda wa siku 60. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa masuala ya kisheria pekee.

Gharama ya klachi, ya kalipa au ya saspensheni kwa kawaida huingia ndani ya kiwango hicho. Atakayefika mbele ya mwamuzi akiwa na barua ya kukataliwa, rekodi za huduma, picha za kifaa na ripoti ya mhandisi asiyeajiriwa na upande wowote atakuwa na kesi. Atakayefika na hasira pekee atarudi nayo.

Wakenya wengi, bila shaka, hawajawahi kushika kijitabu cha dhamana. Magari mengi yanayosajiliwa nchini huingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, chini ya kanuni ya KS 1515:2000 inayozuia magari ya zaidi ya miaka 8. Katika yadi, kauli ni moja: gari linauzwa jinsi lilivyo.

Kauli hiyo nayo ni miongoni mwa zile ambazo sheria ya 2012 inazitilia mkono wa kuzibatilisha. Hata hivyo, ubora unaofaa wa gari la miaka 7 si ule wa gari jipya, na uchakavu hapo ni hoja ya kweli mara nyingi zaidi. Kuna mtego pia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haimlindi aliyeikagua bidhaa dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzionyesha. Anayeenda yadi na fundi wake anafanya jambo la busara, ila akishalipa hawezi kulalamikia tairi vipara alizoziona kwa macho yake.

Turejee kwa mwenye pikapu aliyelipia klachi ili arudi kazini. Kulipa hakukufunga mlango. Madai ya mkataba huweza kufunguliwa ndani ya miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, na risiti aliyopewa, hasa ikiwa aliandika barua kwamba analipa akipinga, ni sehemu ya ushahidi wake.

Isitoshe, ukarabati alioulipia una dhamana yake yenyewe. Sheria ya 2012 humchukulia fundi kuwa amethibitisha vipuri vipya alivyofunga, pamoja na kazi ya kuvifunga, kwa angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Klachi ya pili ikianza kuteleza ndani ya muda huo, muuzaji atakuwa na majibu mawili tu ya kuchagua: ama aliifunga vibaya, ama kuna kitu ndani ya pikapu hiyo kinachozila klachi, na kilikuwemo tangu siku alipoiuza.